Kwa dada wa Malta pale Mikindani, nimekula mara tatu sasa naandika

Jamani hii niliahidi kuiandika tangu mwezi uliopita ila msimu wa korosho ukishaanza huku bandarini hata nafasi ya kupumua hupati, leo nina Jumapili nzima nipo nyumbani Shangani basi naiandika yote kwa mkupuo, itakuwa ndefu mnivumilie.

Ni ule mkahawa mdogo wa Mikindani uliopo kwenye nyumba ya mawe ya zamani upande wa baharini. Hauna bango, hauna jina, watu wanasema tu kwa dada wa Malta na bodaboda wote wa pale wanapajua, ukishuka kwenye daladala kutoka Mtwara mjini waambie hivyo hivyo wanakufikisha. Mwenyewe ni mtoto wa hapo hapo Mikindani, alienda Malta kufanya kazi jikoni hotelini, baadae akawa anamtunza bibi mmoja mzee nyumbani kwake, jumla kakaa miaka tisa, karudi mwaka juzi akafungua hii sehemu kwenye baraza ya nyumba ya marehemu mama yake. Meza nne, viti vya plastiki, benchi moja refu la mbao, na ukutani picha mbili ambazo nitazisemea huko mbele kwa sababu moja ndo iliyonirudisha mara ya pili.

Wengi wetu Malta tunaijua kwa jina la mpira tu, timu ya taifa inayofungwa na kila mtu kwenye mechi za kufuzu. Mi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo. Kumbe ni visiwa, vitatu ndo vinakaliwa na watu, Malta yenyewe, Gozo na kadogo kabisa kanaitwa Comino, vipo katikati ya bahari ya Mediterania chini ya kile kisiwa cha Sicily cha Waitalia, ukiendelea kusini unakutana na Libya. Ukubwa wa nchi nzima kilomita za mraba 316. Sasa chukua mkoa wetu wa Mtwara ambao una zaidi ya kilomita za mraba 16,000, yaani Malta unaipanga humo zaidi ya mara 50 na nafasi inabaki. Halafu kwenye hako kaeneo sensa yao ya 2021 ilihesabu watu 519,562, ndo maana ni kati ya nchi zilizobanana kuliko zote Ulaya. Na hawana mto hata mmoja! Wala ziwa. Maji mengi wanayokunywa yanatoka baharini, wanayachuja chumvi kwenye mitambo. Dada anasema bibi yake yule mzee alikuwa akikuona unafungua bomba kwa nguvu anakupigia kelele toka chumbani, na mpaka leo ukinawa pale mkahawani utaona anakumiminia kwa kijagi kidogo taratibu, sio uchoyo, ni mazoea yamemkaa.

Nianze na chakula maana ndo kilichonipeleka. Siku ya kwanza nilipita saa moja asubuhi natoka kumsindikiza mtu wa Lindi, nikanunua vile vitu vinaitwa pastizzi. Ni kama sambusa ila sio sambusa, umbo lake kama mtumbwi mdogo umechongoka pande mbili, unga wake umevutwa ukawa mwembamba tabaka juu ya tabaka, ukiuma unavunjika vipande vipande unamwagikia kifuani. Kule kwao kuna wa jibini laini na kuna wa njegere zilizopondwa. Dada hapa kafanya kitu cha akili sana, njegere kaziacha katia mbaazi! Mbaazi zetu hizi za Mtwara na Lindi ambazo bei ikianguka tunaziacha zinaoza magunia kwa magunia, ye anazichemsha na kitunguu na pilipili manga anazisaga nusu, kisha anazijaza humo. Na jibini anatengeneza mwenyewe, anachemsha maziwa ya ng'ombe anakamulia ndimu yanagawanyika anachuja kwenye kitambaa cha kanga safi. Mafuta ya nguruwe ambayo baadhi ya Wamalta wanatia kwenye unga ye hatii kabisa, anatumia samli, na hilo anakwambia kabla hujauliza kwa sababu anajua wateja wake ni kina nani. Moja shilingi 1,000. Nilikula nne nimesimama.

Nilimtazama siku hiyo anavyouvuta ule unga. Anaushika pembeni kwa vidole viwili, anautikisa kama mtu anakung'uta shuka, unarefuka unaning'inia toka mezani mpaka karibu na sakafu na haukatiki, anaupaka samli kwa kiganja anaukunja anaupumzisha, halafu tena. Anaanza saa tisa usiku. Ndo maana ikifika saa nne asubuhi zimeisha, msije saa sita mkaanza kulalamika.

Basi siku ile nikiwa nasubiri chenji nikamsikia anahesabu zile pastizzi kwa mdomo, wieħed, tnejn, tlieta, anaendelea, ħamsa, sitta, sebgħa... nikashtuka nikamwambia dada mbona unahesabu Kiarabu? Akacheka akasema hicho ni Kimalta. Nikamwambia sita na saba nimesikia kwa masikio yangu. Akasema we njoo siku na mzee wako yeyote anayejua maneno ya zamani, utaona.

Nina babu yangu, baba yake mama, alikuwa nahodha wa jahazi enzi zake, kasafiri Kilwa, Unguja, Mombasa, ana miaka zaidi ya themanini na masikio yake mazima. Nikamchukua kwa bajaji Jumamosi moja jioni. Tumefika, dada, "Shikamoo babu," babu, "Marahaba mwanangu, naambiwa umeleta lugha ya ajabu." Akakaa kwenye lile benchi, dada akavuta kiti akaanza kumtajia neno moja moja na babu anajibu.

Baħar? Bahari. Dinja? Dunia. Qabar? Babu akasema kaburi hilo, hata hakuna la kufikiri. Mewt, mauti. Żmien, zamani. Ktieb, kitabu. Siegħa, saa. Nofs, nusu. Elf, elfu. Sabar, subira. Tuffieħ, hapo babu akafikiri kidogo akasema tufaha, na ndo lenyewe, tunda lile la apple. Halafu dada akasema flus. Mi nikabaki kimya sijui. Babu akapiga goti lake kwa kiganja akasema, "Fulusi! Hela hizo! Sisi zamani tulikuwa tunasema fulusi, nyinyi watoto mmeliacha neno." Alifurahi yule mzee sijamuona akifurahi vile tangu bibi afariki, nasema kweli.

Maelezo yake ni haya, na dada anayaeleza vizuri kwa kifupi. Waarabu waliitwaa Malta mwaka 870, Wanormani wakaja kuwanyang'anya 1091, watawala wakabadilika na dini ikawa Ukristo, ila lugha ya watu wa chini haikuondoka. Ikakaa pale kisiwani peke yake karne kwa karne, ikaongezewa maneno ya Sicily na ya Kitaliano, ikaanza kuandikwa kwa herufi za kizungu, na leo ndo lugha yao ya taifa, na tangu waingie Umoja wa Ulaya mwaka 2004 ni lugha rasmi ya huko, yenye asili ya Kiarabu ni hiyo moja tu kwenye umoja mzima. Kiingereza nacho ni rasmi kwao, maana Mwingereza aliwatawala kama sisi, na wanaendesha gari kushoto kama sisi. Mi navyoiona, Kiswahili mifupa yake ni ya kibantu kikavaa maneno ya Kiarabu, wao mifupa ni ya Kiarabu wakavaa Kitaliano, sasa mkikutana barabarani mnatambuana, maana nguo zetu sisi ndo mifupa yao.

Kilichomgusa babu zaidi ni hiki. Wamalta wengi sana ni Wakatoliki, na Wakatoliki wa kushika dini kweli, kila mtaa una kanisa na kila mwaka mtaa unafanya sherehe ya mtakatifu wake, bendi, mataa, fataki mpaka usiku wa manane. Mtume Paulo meli yake ilivunjika kwao, wenzangu Wakristo mtaikuta kwenye Matendo ya Mitume sura ya 28, na tarehe 10 Februari kila mwaka ni sikukuu ya taifa kwa ajili hiyo. Sasa hawa watu Mungu wanamwita Alla. Padre yuko madhabahuni anasema Alla. Kwaresima wanaiita Randan, ni neno Ramadhani hilo hilo. Na Pasaka jina lake L-Għid il-Kbir, yaani ukiitafsiri neno kwa neno unapata Idi Kubwa. Babu ni mtu wa msikitini swala tano, alinyamaza muda mrefu, kisha akamwuliza dada, "Na wewe ulipokuwa kule mwezi wa Ramadhani ulifuturu na nani?" Dada akasema alifuturu na yule bibi mzee, bibi alikuwa anamsubiri mpaka jua lizame ndo na yeye anagusa chakula, anamwambia mi nami nina Randan yangu. Babu akasema Mwenyezi Mungu amrehemu. Bibi yule keshafariki, ndo sababu dada alirudi.

Futari yenyewe walikuwa wanaanza na imqaret, nayo dada anaiuza hapo, 500 kwa moja. Ni unga umejazwa tende zilizopondwa na harufu ya chungwa, unakatwa pembe pembe unakaangwa kwenye mafuta. Za moto, na chai ya maziwa kwenye glasi, maana hata wao chai ya vijiweni wanainywa kwenye glasi sio kikombe. Sina la kuongeza hapo, nendeni mkale.

Sasa samaki. Kuna chakula kinaitwa torta tal-lampuki, ni mkate wa kuoka wenye samaki ndani. Lampuki ni faulusi huyu huyu tunayemjua, mwenye kichwa bapa na rangi ya dhahabu inayopotea akishakufa. Ndani kuna faulusi, kitunguu, nyanya, mchicha, zeituni za kopo, na zabibu kavu kidogo ambazo mi nilidhani zitaharibu kumbe ndo zinashika chumvi. Kipande 7,000. Hiki ndo chakula bora kuliko vyote pale na nakisema baada ya kuonja karibu vyote. Ila kinategemea bahari, faulusi asipopatikana hakuna torta na dada hakubali kuweka samaki mwingine, nilimsikia anamkatalia mteja aliyesema weka tu changu.

Babu alitaka kujua wanamvuaje. Wavuvi wa Malta kuanzia Agosti mwezi umeingia katikati mpaka Desemba wanatoka na makuti. Makuti kabisa, ya mitende, wanayafunga kwenye maboya wanayapeleka baharini wanayaangusha nanga ya jiwe na kamba ndefu, yanaelea juu yanatupa kivuli, faulusi wanakuja kujikusanya chini ya kile kivuli, mvuvi anarudi anawazungushia nyavu. Wanayaita kannizzati. Babu akasema sisi hatukuwa tunatega hivyo ila kila nahodha anajua ukikuta gogo linaelea bahari kuu usilipite, tupa mshipi, samaki anapenda kivuli kama mtu. Halafu akasema, "Fulusi hela, faulusi samaki, mvuvi anavitafuta vyote viwili," dada akaandika kwa chaki kwenye ule ubao wake wa bei, bado lipo nimeliona juzi.

Ile picha ya kwanza ukutani ni ya vyombo vyao sasa, luzzu, mashua za kijiji kinaitwa Marsaxlokk, jina hilo x isome sh, marsa ni bandari. Zimepakwa bluu, njano, nyekundu na kijani, na mbele kwenye omo pande zote mbili zimechorwa macho. Macho mawili yanakutazama. Wanasema yanalinda chombo, na ni desturi ya kale sana. Babu akasimama akaisogelea akaweka kidole kwenye jicho, akasema majahazi ya zamani nayo yalikuwa na macho mbele, chombo kisicho na macho kinaonaje njia.

Picha ya pili ni ya meli ya mafuta, nyeusi na nyeupe, na hii ndo mi iliyonishika maana nafanya kazi bandarini nahesabu magunia yanavyoingia melini, najua mji unavyoisubiri meli. Mwaka 1942 Malta ilikuwa ya Waingereza na Wajerumani na Waitalia waliipiga mabomu usiku na mchana kwa sababu imekaa katikati ya njia ya meli. Watu waliishi kwenye mapango waliyochonga ndani ya mawe, chakula wanapanga foleni kwenye majiko ya serikali. Tarehe 15 Aprili mwaka huo mfalme wa Uingereza George wa 6 akakipa kisiwa kizima nishani ya ushujaa, sio mtu mmoja, kisiwa, na ule msalaba mpaka leo upo kwenye bendera yao pembeni kwenye ule upande mweupe. Lakini nishani hailiwi. Agosti ukatumwa msafara wa meli, meli za mizigo 14 zilisindikizwa na manowari, zikapigwa njia nzima, zilizofika ni tano. Ya mwisho ni hii ya kwenye picha, inaitwa Ohio, imebeba mafuta, imetobolewa, injini imekufa, sitaha yake karibu ilingane na maji, wakaifunga katikati ya manowari mbili moja huku moja huku wakaikokota hivyo kama mtu mgonjwa anashikwa mabega. Iliingia bandarini Valletta tarehe 15 Agosti 1942, siku ya sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa, na Wamalta mpaka leo wanauita ule msafara wa Santa Marija. Bibi wa dada alikuwa mtoto mdogo, alisimama juu ya ngome na mama yake, na alikuwa anasimulia kwamba watu walipiga makofi kisha wakanyamaza ghafla walivyoona jinsi meli ilivyozama, wanaogopa hata kelele isije ikaizamisha kabisa.

Dada anaisimulia hii akiwa anakata vitunguu, hageuki. Mi nilirudi mara ya pili kuisikia tena.

Uhuru wao walipata 21 Septemba 1964, mwaka ule ule wa Muungano wetu, jamhuri 1974, na wanajeshi wa Kiingereza wa mwisho waliondoka 31 Machi 1979, nayo hiyo wanaisherehekea kama siku yao ya kuwa huru kabisa. Pesa yao sa hivi ni euro toka 2008. Kuna mahekalu ya mawe kule Gozo yanaitwa Ġgantija yamezidi umri mapiramidi ya Misri, na kuna mji wa kale juu ya kilima umezungushiwa ukuta unaitwa Mdina, ni madina ile ile tu. Nyumba zao ni za mawe ya rangi ya asali na vibaraza vya mbao vya kufunika vinavyotokeza juu ya barabara, dada anasema ndo maana alipokuwa kule akikumbuka kwao alikuwa anatembea Valletta jioni anatazama juu, anaona Mikindani.

Hakuficha mabaya pia, na hilo nimelipenda. Anasema kuna siku kwenye basi kiti cha pembeni yake kinabaki wazi na watu wamesimama. Anasema watu weusi wengi kule wamefika kwa boti mbovu toka Libya na baadhi ya wenyeji wanamtazama kila mweusi kwa jicho hilo hilo, hakuna anayeuliza we ni mpishi au nani. Na anasema humo humo kuna jirani aliyekuwa anampigia mlango kila Alhamisi na bakuli la supu ya samaki yenye vitunguu saumu na wali ndani, miaka yote, bila kukosa. Vyote viwili anavisema kwa sauti ile ile.

Haya na mi niseme mapungufu ya mkahawa maana nisiposema sitakuwa nimewatendea haki. Huduma ni ya polepole mno. Ile torta tuliisubiri saa moja na nusu, babu akaswali Magharibi akarudi bado. Yuko peke yake na binti mmoja wa kuosha vyombo, aongeze mtu. Mchuzi wa sungura, ambaye wao wanamwita fenek na ndo chakula chao cha heshima, unatakiwa uagize siku mbili kabla na sahani ni 18,000, kwa huku ni hela nyingi, halafu siku niliyokula chumvi ilizidi, nilimwambia na akakubali akanirudishia 3,000 bila mimi kuomba. Mwenyewe anapika bila mvinyo, anatumia nyanya nyingi na majani ya bay. Sungura wenyewe ni wa kufuga, anawatoa kwa kijana mmoja Naliendele. Ana kisa chake pia, zamani kisiwa kilitawaliwa na wale mashujaa wa msalaba wa Mtakatifu Yohana, waliokuja 1530, ndo waliojenga Valletta baada ya kuushinda uzingiraji wa Waturuki 1565, sasa mkuu wao mmoja karne ya 18 akapiga marufuku wananchi kuwinda sungura, ikawa kero kubwa, mpaka mwaka 1775 mapadre wa kienyeji wakaasi wakateka ngome, na uasi ukazimwa. Tangu hapo kukaa kundi zima mnakula sungura kwa Mmalta ni jambo lenye uzito wake. Nadhani angeiandika hii kwenye karatasi akaiweka mezani, maana akiwa na wateja wengi hapati muda wa kusimulia na mtu anaona tu sungura ghali.

Mbu jioni wapo, njooni na mikono mirefu. Choo kipo nyuma uani, ni kisafi ila taa hakuna, unaenda na tochi ya simu. Kulipa kwa simu inawezekana.

Halafu Jumamosi usiku, hii nimeiweka mwisho kwa makusudi. Akimaliza kupika anaunganisha simu yake na spika anaweka nyimbo za kwao, magitaa na wanaume wawili wanapokezana, mmoja anatunga ubeti pale pale bila kuandika, mwenzie anamjibu kwa vina, huyu anarudisha, na wasikilizaji wanashangilia mwenye jibu kali. Inaitwa għana. Kila mwaka usiku wa kuamkia tarehe 29 Juni wanakesha nayo kwenye msitu wao mdogo unaitwa Buskett, na sungura wanaliwa hapo. Babu aliposikia jina tu akaniambia, "Hao wanaghani." Na ni kweli, kughani kwetu na għana yao neno limetoka tumbo moja. Maneno yao hatuyaelewi lakini kujibizana unakuelewa, unasikia kabisa hapa kachomwa, hapa anajitetea. Ulipopita wimbo wa tatu babu akaomba sauti ipunguzwe, akakohoa, akaghani beti nne za zamani za manahodha, za kumjibu mtu wa Kilwa aliyewahi kuidharau tanga yake, mi nina miaka thelathini na mbili sijawahi kuzisikia. Meza zote nne zikanyamaza. Kulikuwa na vijana wawili wa chuo wakaanza kurekodi, babu akawaambia rekodini, mimi sina muda mrefu.

Dada akamwambia babu kuna chakula hajakionja, qarnit, pweza wa kupikwa taratibu na vitunguu saumu na zeituni, ila pweza wa sokoni haumridhishi. Babu akasema pweza amwachie yeye, kuna mjukuu wa rafiki yake anapiga mbizi upande wa Msimbati. Keshanipigia mara mbili leo kuniuliza bajaji imeshapatikana. Ni Alhamisi hii, nao wanaiita Il-Ħamis, kuanzia saa kumi jioni, na benchi la mbao tumeshaliwekea nafasi ila meza tatu zipo wazi.